Mvua ya West Nile Hutoka Mbali

Katika kota za askari mjini Arua, kama ilivyo katika nyumba za wakulima wa Koboko, Machi ni mwezi wa mashaka. Manyunyu mawili matatu yakishuka, akina mama huitoa mbegu ya karanga waliyoitunza na kuifukia ardhini. Jua likirudi kwa majuma mawili, mbegu huharibika, na bei ya mbegu nyingine hutoka katika mshahara.

Lawama humwangukia upesi mwuza makaa. Ni kweli miti imepungua: imekatwa kwa kukausha tumbaku, kuchoma matofali na kupikia, na mahitaji ya kuni yakazidi tangu mwaka 2016, wakimbizi wengi wa Sudan Kusini walipoingia. Lakini shoka la Koboko peke yake haliwezi kuifunga mbingu.

Mvua ya huku, ambayo kilele chake ni kati ya Agosti na Oktoba, huletwa na ukanda wa mawingu unaolifuata jua kwenda kaskazini na kurudi kusini. Pepo za magharibi huongeza unyevu kutoka Kongo, na sehemu ya unyevu huo hupumuliwa na majani ya msitu wenyewe. Joto la Pasifiki au Atlantiki likibadilika, mvua nayo huyumba. Hayo ni maumbile.

Mkono wa binadamu nao umefika huko juu. Ukanda huo huo ndio unaoinyeshea Saheli, iliyopatwa na ukame mkali katika miaka ya 1970 na tena mwaka 1983 na 1984. Wataalamu wengi huona kwamba moshi wa salfa wa viwanda vya Ulaya na Marekani ulichangia: uliikinga Atlantiki ya kaskazini na jua, bahari ikapoa, mvua ikasukumwa kusini. Moshi ulipopunguzwa, mvua ikarejea kwa kiasi. Siku hizi ni gesi ya ukaa inayoipasha dunia joto, na kila nyuzi moja ya Selsiasi huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Ndiyo maana mvua ikimwagika, huweza kumwagika kwa kishindo na kuondoka na udongo.

Hapo ndipo mti wa nyumbani hupata kazi yake, maana mizizi huyapunguza maji mbio. Mbegu nayo isipandwe yote kwa mvua ya kwanza. Udongo ufukuliwe kwa jembe. Ukiwa mkavu chini ya kina cha kiganja, ingojewe mvua ya pili, na ukingoni mwa shamba ipandwe mihogo, ambayo huvumilia jua.