Hadithi za Roho Juu na Dhana Zetu

 

 Mara nyingi wazazi hunijia chuoni wakaniuliza, "Maalim, je, yafaa watoto wetu kusoma riwaya hizi za wizi na mauaji, na kutazama picha za senema zinazotengenezwa kutokana na riwaya hizo?" Kwa muda wa miaka mingi jawabu langu lilikuwa moja tu: hazifai, ni upuuzi wa kupoteza wakati. Jawabu hilo lilikuwa jepesi kulitoa, kwani mimi mwenyewe nilikuwa sijashika kitabu cha namna hiyo tangu utoto wangu, niliposoma kwa kujificha kisa cha Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, alichokitunga Muhammed Said Abdulla wa Unguja na kikapigwa chapa mwaka 1960. Marehemu baba aliponikuta nacho alikichukua, na mpaka nilipokuwa mtu mzima sikujua mwisho wake.

Leo nataka kuwaeleza kisa kilichonifanya nilitazame upya jawabu langu. Ndani ya kisa hicho mna kosa langu mwenyewe. Silitaji kwa kujisifu kuwa nimetubu, bali kwa kuwa aliyekosewa na mama yake wameniruhusu nilitaje ili wengine wapate kuzingatia.

Mpwa wangu mmoja alirejea kutoka Misri, alikokaa miaka kadha akisoma, na miongoni mwa vitabu vyake mlikuwa na riwaya ya Kiarabu iitwayo Al-Liss wal-Kilab, yaani Mwizi na Mbwa. Aliyeitunga ni Naguib Mahfouz, mwenyeji wa Cairo, ambaye mwaka 1988 alipewa tunzo ya Nobel ya uandishi. Riwaya hii aliitoa mwaka 1961, na mwaka uliofuata, 1962, Kamal El Sheikh akaitengenezea picha ya senema. Najua kuwa wanavyuoni wa Misri walimlaumu sana mwandishi huyu kwa kitabu chake kingine. Jambo hilo lina mahali pake, nami leo sikukaa kumtetea wala kumhukumu.

Kiarabu changu mimi ni cha Kurani na vitabu vya fikihi, na Kiarabu cha riwaya hunishinda. Basi tukaafikiana kwamba kila usiku baada ya sala ya Isha, mpwa wangu akae nasi barazani atusomee mlango mmoja, akiufasiri kwa Kiswahili. Mama watoto na binti zangu walikuwa wakisikiliza kutoka ndani, dirishani. Nilijiambia kuwa nasikiliza ili nipate kujua namna ya kuwakataza vijana. Ukweli ni kwamba ulipofika usiku wa tatu, mimi ndiye niliyekuwa nikimwita mpwa wangu kabla hajamaliza chakula chake.

Hadithi yenyewe ni hii kwa ufupi. Mtu mmoja, Said Mahran, mwizi, atoka gerezani baada ya miaka minne. Akiwa kifungoni, mkewe Nabawiyya ameolewa na Ilish, aliyekuwa mfuasi wake katika wizi, naye Said ana yakini kuwa wawili hao ndio waliomuuza kwa polisi. Aenda kumtaka binti yake mdogo, Sana, na mtoto hamjui, amkimbia. Aenda kwa Rauf Ilwan, rafiki yake wa zamani aliyekuwa akimfunza kuwa kuwaibia matajiri si kosa, amkuta sasa ni mkubwa wa gazeti, akaa katika jumba la fahari. Hapo Said ajaa chuki, atafuta bastola, na usiku mmoja aingia katika nyumba ya Ilish. Katika giza atokea mtu. Said afyatua risasi, akimbia.

Mpwa wangu alipofika hapo, mimi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa baraza na roho yangu imepanda. Nakiri mbele yenu kuwa nilisema kwa sauti, "Impate! Impate yule haini!" Mpwa wangu alicheka, akafunga kitabu, akasema, "Yaliyobaki ni kesho, Mjomba." Nikalala nimekereka. Alfajiri nilisali hali ya kuwa mwili uko msikitini na moyo uko Cairo, naulizana na nafsi yangu kama Ilish amekufa au amepona. Nawaambia hili vijana wapate kujua nguvu ya hadithi za namna hii: humfuata mtu mpaka katika sijida yake.

Usiku wa pili tukasomewa. Ilish alikuwa amekwisha kuihama nyumba ile. Aliyeuawa ni mtu mwingine kabisa, jina lake Shaaban Hussein, mpangaji mpya, ambaye Said hakupata kumjua wala kugombana naye. Baraza yote ilinyamaza. Kutoka dirishani mama watoto akauliza, "Na huyo masikini, je, alikuwa na watoto?" Hapana aliyemjibu.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kunyamaza. Siku chache kabla ya hapo, kisanduku cha fedha za majamvi ya chuo kilikutwa kitupu. Zilikuwa shilingi 84,000, mchango wa wazazi, nyingi kati yake za watu wasio na kitu. Mwalimu mwenzangu alikuwa safarini, ameitwa mazikoni, na simu yake haikupatikana. Mimi nikaanza kupeleleza mambo kama Bwana Msa, na nikapata ishara tatu. Ya kwanza, mwanafunzi mmoja wa miaka 13, ambaye mama yake humlea peke yake kwa kukaanga maandazi, alikuwa ndiye wa mwisho kutoka chuoni siku ile. Ya pili, alikuja amevaa makubadhi mapya. Ya tatu, nilipouliza habari ya kisanduku, yeye aliinamisha macho chini. Nikaona nimekwisha kumjua mwizi. Sikumtaja jina, lakini nilimkazia macho mbele ya wenziwe nikasema, "Asiye na hatia hawezi kushindwa kumtazama mwalimu wake usoni." Watoto si wajinga, wote waligeuka wakamtazama. Tangu siku ile hakuja tena chuoni, nami nikasema moyoni kuwa kutoroka kwake ni ishara ya nne.

Sasa nimekaa barazani kwangu, nasikia habari ya Shaaban Hussein, na moyo wanipiga. Said naye alikuwa na ishara zake, alikuwa na giza na kivuli cha mtu, akafyatua. Mimi nilifyatua mchana, juu ya mkeka, mbele ya watoto 40. Nilijiuliza: shahidi wangu ni nani? Hapana. Aliyemwona akichukua ni nani? Hapana. Nilikuwa na dhana tupu, nikaivika kilemba nikaiita ujuzi.

Sikusubiri. Asubuhi yake, kabla sijajua fedha zimekwenda wapi, nilikwenda kwao. Mama yake alinikaribisha kwa heshima iliyonizidishia haya, akaniambia, "Maalim, mwanangu hali chakula tangu siku ile." Nikamwita kijana, nikamwambia kuwa nimemdhania jambo ambalo sina haki ya kumdhania, na kwamba nimekuja kumtaka radhi. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema maneno manne tu: "Maalim, mimi nilikuwa nafagia." Kumbe ndiyo sababu ya kutoka mwisho. Ama makubadhi, aliletewa na ami yake. Na macho kuinama, je, si mimi mwenyewe ninayewafunza watoto wasimkazie mwalimu macho? Nilimhesabia adabu yake kuwa ni ushahidi juu yake.

Nilimwomba arudi, na siku aliporudi nilimtaka radhi kwa mara ya pili mbele ya wanafunzi wote, kwani aliyeaibishwa hadharani hatengenezwi faraghani. Siku mbili baadaye mwalimu mwenzangu akarejea. Akatoa katika mfuko wa kanzu yake risiti ya duka: alikuwa amelipa bei ya majamvi kabla ya kusafiri, na kwa haraka ya msiba akasahau kuniambia.

Baada ya hapo tukamaliza kitabu. Said hakuzingatia. Ajaribu tena kumuua Rauf, na risasi yampata bawabu wa nyumba, mtu mwingine asiyekosa. Mwisho wake azungukwa na polisi na mbwa wao penye makaburi. Na tangu siku ya kwanza alikuwa amepita kwa Sheikh Ali al-Junaydi, ambaye marehemu baba yake Said alikuwa muridi wake, na mlango wa sheikh huyo haufungwi. Sheikh alimwambia atie udhu na asome. Alilala pale, alikula pale, na nasaha ile hakuishika.

Kisha mpwa wangu akatuonyesha ile picha ya senema, nyumbani kwake, sisi sote pamoja. Shukri Sarhan ndiye aliyekuwa Said, na mwimbaji Shadia ndiye aliyekuwa Nur, mwanamke anayemhifadhi. Nilichokiona ni kwamba kitabu na picha havifanyi kazi moja. Kitabu hukutia ndani ya kichwa cha Said, ukasikia manung'uniko yake na kujihesabia kwake haki, hata ukaanza kufikiri kama yeye, na hapo ndipo mimi niliponaswa. Picha humwonyesha kwa nje, na hupita mbio. Hakuna wa kufunga kitabu akakuambia yaliyobaki ni kesho, ukapata usiku mzima wa kufikiri. Vijana waliokuwapo walikuwa wakimwombea Said apate kuponyoka, kwani mchezaji ni hodari na sura yake yapendeza, na habari ya yule aliyeuawa bure haikukaa nao. Lakini picha nayo ina lake. Kukataliwa kwa baba na mtoto wake, ambako kitabuni nilikusikia nikapita, binti yangu mdogo alikuona kwa macho akalia.

Ama mimi, ilipofika saa ya risasi ile ya kwanza, nilitamani nimpigie Said kelele, "Usipige! Si yeye!" Risasi ni ile ile niliyoiombea barazani impate mtu. Lililobadilika ni kwamba mara hii nilijua nani atakayekufa. Basi nikasema, lau tungekuwa twajua yaliyo nyuma ya milango ya watu, ni maneno mangapi tungeyameza!

Ndugu zangu, sisi Waislamu hatuhitaji kwenda Cairo kulipata funzo hili. Katika Suratu Yusuf, kisa ambacho Mola wetu mwenyewe amekisifu kuwa ni bora ya visa, mna ishara tatu, na kila moja ina hukumu yake. Kanzu ya kwanza ililetwa na damu, na damu ile ilikuwa ya uwongo, naye Nabii Yaakub hakuikubali. Kanzu ya pili ilikuwa imechanwa kwa nyuma, ikasema kweli na kumtakasa asiye na hatia. Kisha kikombe cha mfalme kikatolewa ndani ya mzigo wa nduguye Yusuf, mbele ya macho ya watu, na mwenye mzigo hakuwa mwizi. Tazama jinsi kaka zake walivyofanya haraka kumsadiki kuwa ameiba, na wakamwongezea Yusuf naye uwongo juu yake. Ikiwa kitu kilichotolewa mzigoni hakikutosha kuwa yakini, makubadhi mapya yatatosha wapi? Na katika Suratul Hujurat, aya ya 6 na ya 12, tumeamrishwa kuchungua habari kabla ya kuifuata na tukatahadharishwa na kudhaniana. Nimezisomesha aya hizo zaidi ya miaka 20.

Basi jawabu langu kwa wazazi leo ni hili. Riwaya za roho juu na picha zake si zote sawa. Ziko chafu, za kufunza uasherati na kuupamba uhalifu, na hizo ziacheni. Lakini iliyo nzuri yaweza kumwonyesha mtu nafsi yake, kwa sharti tatu. Ya kwanza, isile wakati wa sala wala usingizi wa Alfajiri. Ya pili, mzazi asimwachie kijana peke yake, asome naye, atazame naye, na amsimamishe katikati amuulize, "Wewe wamtaka nani afe, na kwa ushahidi gani?" Ya tatu, likiisha, kila mmoja ajiulize ni nani mtaani kwake aliyemhukumu kwa kivuli gizani.

Kijana wetu yule sasa yumo katika juzuu ya ishirini na nne, na hukaa nasi barazani usiku. Juzi mpwa wangu alianza kutusomea riwaya nyingine, na alipofika pahala pa kumtaja mwizi, nikasema najua ni nani. Kijana akainamisha macho yake, akasema kwa adabu, "Maalim, tungoje kesho."

Mwenyezi Mungu azitakase nyoyo zetu na dhana mbaya, na atusamehe tuliowadhania watu. Amin.