Ankoro: Kle USB inalia lakini haionekani? Usibonyeze «Formater»
Huko Ankoro, pale Luvua inapoingia Lualaba, kle USB ndiyo kabati ya watu wengi: ripoti za shule, nyimbo za kwaya, picha za marehemu. Unaichomeka, kompyuta inalia, lakini ndani ya «Ce PC» hakuna kitu. Windows ikiomba ku-formater, kataa. Ukikubali, orodha ya vitu vyako inafutwa.

Jaribu kwanza tundu lingine. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, fungua «Gestion des disques». Ukiona kle iko pale na ukubwa wake, ila haina herufi, una bahati: bonyeza kulia juu yake, uipe herufi isiyotumika, K kwa mfano. Mara nyingi vitu vyote vinarudi.

Ikiandikwa «RAW», mpangilio wa ndani umeharibika; pengine iling'olewa au umeme ulikatika ikiwa bado inaandika. Usiweke kitu kipya humo. PhotoRec, programu ya bure, inaweza kuokoa picha na maandishi kwenye diski nyingine, ingawa majina ya faili yanapotea.

Ikiandikwa «Aucun média», kwa kawaida kle yenyewe imekufa. Fundi akikuomba pesa ili ai-formater tu, weka pesa yako mfukoni.