Nani Aliiita Fanksheni? Kufuata Miito katika Programu za Skripti

Katika kaunti za Kitui na Makueni, ambako wakulima hutegemea zaidi mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba kuliko masika ya Machi hadi Mei, programu fupi ya kujumlisha milimita za mvua ina uzito mkubwa, kwa kuwa jumla iliyokosewa huonyesha ukame usiokuwepo au huuficha uliopo. Programu ya aina hiyo huweza kuandikwa kwa Python, ambayo ni lugha ya skripti, yaani lugha ambayo maagizo yake huendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye maandishi yake, na hugawanywa katika fanksheni, ambazo ni vifungu vya maagizo vyenye jina na kazi maalumu.

Ichukuliwe kwamba fanksheni iitwayo jumlisha huitwa na nyingine tatu: ya vuli, ya masika na ya mwaka mzima. Iwapo mojawapo itaipelekea vipimo vya Makindu, mji ulio Makueni, ambamo siku zisizopimwa zimejazwa sifuri, jumla itapungua, ingawa kosa halimo ndani ya jumlisha bali katika fanksheni iliyoiita.

Jibu la swali la nani aliyeiita limo katika rundo la miito, ambalo ni kumbukumbu ya fanksheni zote zilizoanza na hazijamaliza, pamoja na mahali ambapo kila moja itarejea. Programu ya Python ikikwama, huchapisha rundo hilo huku mwito wa karibuni ukiwa mwisho, hivyo uchunguzi huanzia chini na kupanda. Isipokwama, kama ilivyo kwa sifuri hizo, agizo traceback.print_stack() likiwekwa ndani ya jumlisha hutoa orodha hiyo hiyo, na aliyeita huonekana katika nafasi ya pili kutoka chini. Lugha nyingine za skripti zina njia zao: PHP ina debug_backtrace(), Perl ina caller, na Bash huyaweka majina ya fanksheni katika FUNCNAME. Hata hivyo, kazi iliyoahirishwa kwa setTimeout katika JavaScript huanza baada ya aliyeiagiza kumaliza, kwa hiyo rundo la wakati huo halimtaji.

Njia hizi ni za uchunguzi, wala hazifai kuwa msingi wa hesabu, kwa sababu fanksheni inayoamua kwa kutazama jina la aliyeiita huharibika jina hilo linapobadilishwa. Jumlisha ikihitaji kujua msimu, ielezwe waziwazi inapoitwa, na siku isiyopimwa ipewe alama yake ili isihesabiwe kuwa siku kavu.