Kazi ya Kuuzisha Tikiti za Ndege

Kijana musomaji, labda umeona ndugu yako mu Lubumbashi anaikala ndani ya ajansi ya safari, amevaa shati safi, ordinateri mbele yake, nawe unawaza: hii ni kazi ya kupumuzika. Sikia kwanza.

Anayeanza anajifunza alama za herufi tatu: FBM ni Lubumbashi, FIH ni Kinshasa, JNB ni Johannesburg. Akikosea jina, lisipolingana na paspoti, musafiri anaweza kurudishwa ku uwanja. Atalaumiwa nani? Yeye, hapana ordinateri. Tena wengi wanauliza bei, wanasema "tutarudia", na hawarudi.

Na feza je? Zamani kampuni za ndege zililipa ajansi sehemu ya bei ya kila tikiti. Kule Marekani zilianza kuipunguza katika 1995, na katika 2002 zile kubwa zikaiondoa. Leo mutu ananunua tikiti ku telefone yake mwenyewe. Basi ajansi inaongeza kitu kidogo juu ya bei, na mushahara wa mwanzo unatoka mule. Katika 2020, wakati wa korona, ndege zilisimama, angeuzisha nini?

Lakini kuna mama anayepeleka mtoto mugonjwa Afrika ya Kusini, hajapanda ndege hata siku moja. Telefone haitamuambia: "Mama, ngoja, viza yako itaisha mbele ya tarehe ya kurudia." Kijana wa ajansi ndiye anayeliona. Kwangu, hapo ndipo kazi hii inapendeza.

Ukiipata, uliza mbele ya kutia sahihi: mushahara ni wa kila mwezi, ao ni kufuata tikiti unazouzisha?