Ulinzi wa Pikipiki Utokao Kiwandani: Faida Zake na Mipaka Yake



Chama cha msingi kinaponunua pikipiki, fedha inayotumika ni ushuru uliokatwa katika kila kilo ya pamba, kahawa au korosho ya mwanachama. Pikipiki hiyo ikiibwa katikati ya msimu, hasara haiishii katika bei yake. Vituo vya kununulia mazao hukosa kukaguliwa, taarifa za mizani huchelewa kufika ofisini, na mkulima hungoja malipo yake siku nyingi zaidi. Kwa sababu hiyo inafaa tulijibu kwa ukamilifu swali ambalo huzuka kila wauzaji wanapozisifu pikipiki zenye ulinzi uliofungwa kiwandani: je, chama kikinunua pikipiki ya namna hiyo, kinaweza kuacha gharama za mnyororo, banda na mlinzi?

Ulinzi huo ni wa namna gani?

Ulinzi wa kiwandani uko wa namna tatu. Wa kwanza ni kufuli la usukani, ambalo karibu kila pikipiki inalo. Usukani hukatwa upande mmoja, ufunguo huzungushwa, na pini ya chuma huingia shingoni mwa usukani ili pikipiki isiweze kuendeshwa kwa kunyooka.

Wa pili ni kizuizi cha injini. Ndani ya kichwa cha ufunguo hufichwa chipu ndogo yenye namba ya siri, na kuizunguka swichi huwekwa koili ya waya. Ufunguo unapotiwa, koili huipa chipu nguvu kidogo ya umeme, chipu hutaja namba yake, na kompyuta ndogo ya injini huilinganisha na namba iliyohifadhiwa. Namba zisipolingana, injini haiwaki, hata kama ufunguo umechongwa sawasawa na ule wa asili. Chipu hiyo haihitaji betri. Kampuni ya Honda hukiita kifaa chake cha namna hii HISS.

Wa tatu ni king'ora pamoja na rimoti. Katika pikipiki nyingi za Harley-Davidson, mwendeshaji hubeba rimoti mfukoni. Akizima injini, ulinzi hujifunga wenyewe. Akirudi na rimoti yake, hujifungua. Mtu mwingine akiitikisa au kuiinua pikipiki, indiketa humweka, na kama king'ora kimefungwa, hulia. Pikipiki ya Honda Gold Wing ya toleo la mwaka 2018 nayo ilitolewa na ufunguo wa kubeba mfukoni, ambao huruhusu kuwasha injini na kufungua masanduku ya mizigo.

Mifumo hii iliyokamilika hupatikana zaidi katika pikipiki kubwa za safari ndefu, ambazo huendeshwa siku nyingi barabarani, hulazwa nje ya hoteli, na ambazo bei yake hushindana na ya gari. Tukizitazama hizo, tutaona vizuri kile ambacho ulinzi wa kiwandani unaweza kufanya na kile usichokiweza.

Faida zake

Kwanza, ulinzi wa kiwandani haumtegemei mwendeshaji kukumbuka. Mnyororo unaweza kusahauliwa ofisini. Kizuizi cha injini hujifunga kila injini inapozimwa. Mkaguzi yeyote anajua kwamba mali nyingi hupotea siku ile moja ambayo mtu alisema, "Naingia dakika mbili tu."

Pili, humzuia mwizi anayetaka kuondoka akiwa anaendesha. Kuunganisha nyaya za swichi hakumsaidii, kwa kuwa kompyuta ya injini bado inangoja namba. Nchini Uingereza magari madogo mapya yote yalilazimishwa kuwa na kizuizi cha injini tangu Oktoba 1998, ili kupunguza wizi wa namna hiyo.

Tatu, kimefungwa na watu walioitengeneza pikipiki yenyewe. Kifaa kinachoongezwa baadaye na fundi asiyejua vizuri huweza kukata nyaya zisizostahili, na pikipiki ikazimika njiani.

Kasoro na mipaka yake

Mpaka mkubwa ni huu: kuizuia injini isiwake si kuizuia pikipiki isibebwe. Gold Wing ina uzito unaopita kilo 350, lakini hata hiyo wanaume kadhaa wenye gari la mizigo huweza kuipakia. Ikishafika mafichoni hufunguliwa vipande na kuuzwa kama vipuri, na magurudumu hayana namba ya siri. Kufuli la usukani nalo huvunjwa kwa nguvu.

Kasoro ya pili ni ufunguo wenyewe. Katika mfumo wa HISS, funguo zote zilizosajiliwa zikipotea, hakuna njia ya kusajili mpya bila kubadilisha kompyuta ya injini, na gharama yake ni kubwa. Ukibaki ufunguo mmoja tu ulio hai, wakala wa kiwanda anaweza kusajili mwingine. Kwa rimoti za Harley-Davidson, betri ikifa au rimoti ikipotea, mwendeshaji huhitaji namba ya siri yenye tarakimu tano, na asiyeijua atabaki pale alipo.

Kasoro ya tatu ni betri ya pikipiki. King'ora na kipokezi cha rimoti hula umeme kidogo kidogo hata chombo kikiwa kimelala. Pikipiki inayokaa wiki kadhaa bila kuwashwa, kama zikaavyo nyingi baada ya msimu, huweza kukutwa haina nguvu ya kuwaka, na ulinzi wake nao umedhoofika.

Nne, kifaa kikiharibika, fundi wa kijijini hawezi kukitengeneza kwa spana na bisibisi. Hutakiwa mtambo wa kupimia ulioko kwa wakala, na wakala yuko mjini.

Hali ya vyama vyetu

Pikipiki ambazo vyama vyetu vinazimudu ni ndogo. Honda XL 125 na Yamaha AG 100, walizotumia mabwana shamba wengi, zilikuwa na swichi na kufuli la usukani tu. Na nyingi za bei nafuu zinazouzwa leo hazizidi hapo sana. Uzito wake haufiki kilo 150, na vijana wawili huinyanyua. Kwa pikipiki kama hizo, mnyororo mnene uliofungwa kwenye nguzo, kufuli la diski ya breki pale penye diski, na banda lenye mlango ndiyo ulinzi wenyewe hasa.

Kwa hiyo chama kinapolinganisha bei, kisilipie nyongeza kubwa kwa ajili ya rimoti kabla ya kuwa na banda. Na kikinunua pikipiki kubwa iliyokwisha kutumika nje ya nchi, Katibu adai funguo zote zenye chipu, na namba ya siri kama ipo, kabla ya fedha kutoka. Pikipiki inayokuja na ufunguo mmoja ina deni ambalo halimo katika hati ya mauzo.

Mambo ya kutekelezwa

Bodi za vyama zinashauriwa kuzingatia haya:

1. Namba ya fremu na namba ya injini ziandikwe katika rejista ya mali siku ile ile ya kupokea chombo.

2. Ufunguo wa pili uhifadhiwe katika sefu ya chama, wala usikae katika mnyororo mmoja na ule wa kwanza. Chipu mbili zikikaribiana kwenye swichi huweza kuchanganya kipokezi, na zote mbili zikipotea pamoja, hasara ni ile tuliyoieleza.

3. Namba ya siri iwekwe katika bahasha iliyofungwa na kutiwa saini na Mwenyekiti na Katibu.

4. Kila makabidhiano ya ufunguo yatiwe saini katika daftari, pamoja na tarehe na saa.

5. Hati ya bima isomwe. Bima ya mtu wa tatu, ambayo ni ya lazima kwa sheria, hailipi pikipiki ya chama ikiibwa. Chama kinachotaka fidia ya wizi hukata bima kubwa, na hutimiza masharti yake juu ya mahali pa kulaza chombo.

Kati ya hayo matano, manne hayahitaji fedha yoyote. Yanahitaji kalamu, bahasha na Katibu asiyechoka kuandika. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na chipu iliyomo ndani ya ufunguo haiwezi kutaja ni nani aliyekuwa nao jana jioni.