Kugombania Chuma Udongoni

Nyanya zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, hutoka mbali. Nyingine hutoka Ilula, nyingine Morogoro au Lushoto. Lakini yako mashamba ambayo tenga halijai. Majani ya chini yanageuka manjano, kisha mche unanyauka. Pasua shina lake: ndani utaona rangi ya kahawia. Huo ni mnyauko. Unaletwa na ukungu unaokaa udongoni miaka mingi.

Ukungu huo unahitaji madini ya chuma ili ukue. Udongo mwekundu una chuma kingi, lakini kimeshikana kama kutu ya jembe kuukuu. Kukipata ni kazi.

Karibu na mizizi wako bakteria, wadogo hata macho hayawaoni. Baadhi yao hutoa kitu cha rangi ya manjano na kijani. Kitu hicho hunasa chuma, nao bakteria wanakitumia. Ni kama mlanguzi anayefika sokoni alfajiri na kununua matenga yote. Wewe ukija saa mbili, hukuti kitu! Ndivyo ukungu unavyokosa chuma na kudhoofika.

Mwaka 1980 wataalamu wa California, Marekani, walitia bakteria hao katika udongo wenye ugonjwa. Ugonjwa ukapungua. Walipoongeza chuma, faida ile ikapotea, maana sasa kilitosha wote.

Lakini bakteria hawaponyi mche uliokwisha kunyauka. Huo ung'oe, uuchome. Mahali hapo panda mahindi misimu kadhaa kabla ya kurudisha nyanya.