Wimbo wa taifa ulitoka Tana: Kwa nini mwanamichezo apige goti ukipigwa?



Kuna swali ambalo halikauki kwenye vibaraza vya Garsen, na mara nyingi huletwa kwangu kwa kuwa nilisimamia michezo shuleni kwa miaka mingi. Mchezaji anayepiga goti au kuinua ngumi wakati wimbo wa taifa unapigwa, anaitukana nchi yake au anaipenda? Na kijana wetu wa hapa akifanya hivyo siku ya fainali, tumfanyeje?

Zamani lilikuwa swali la kupitisha jioni. Siku hizi limekuwa letu. Vijana wa timu ninayoisaidia wameniambia waziwazi kwamba wamechoka kutukanwa uwanjani kwa makabila yao, na wamechoka kuulizwa ni Wakenya wa wapi kila wanapokwenda kutafuta kitambulisho. Wataka kusema neno, na kwenye simu zao wameona wengine walivyosema. Kabla hatujawaruhusu wala kuwakataza, ni vizuri tujue jambo hili lilikotoka, sheria inasemaje, na waliotangulia walilipa nini.

Tuanze nyumbani

Mwaka 1963, nchi ikijitayarisha kwa Uhuru, watu 5 walipewa kazi ya kutengeneza wimbo wa taifa. Walikuwa Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Peter Kibukosya, Washington Omondi na Thomas Kalume, mwana wa Pwani. Hawakwenda kutafuta muziki wa gwaride la Kizungu. Walichukua sauti ya wimbo ambao akina mama wa Kipokomo huwaimbia watoto wachanga ili walale. Mzee Meza Galana wa Tana River ndiye anayetajwa sana kwamba aliwapa sauti hiyo. Maneno mapya yakatiwa ndani yake, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na bendera ya Kenya ilipopanda Desemba 1963 sauti ya mto wetu ikawa sauti ya nchi nzima.

Watoto wetu huuimba paredi ya Jumatatu na Ijumaa bila kukumbuka hilo. Mimi nalitaja kwa sababu moja. Wimbo wa kubembeleza huimbiwa mtoto anayelia. Mtoto akiendelea kulia huku mama anaimba, hakuna mama wa Tana atakayesema, "Huyu kaudharau wimbo wangu." Atampapasa kama ana homa, atatazama kama siafu wameingia kwenye mkeka, atampa ziwa. Kilio kinamwambia mama kwamba kuna kitu. Lishike hilo, tutalihitaji mbele.

Kwa nini wakati wa wimbo?

Wengi huuliza, kwani hawana wakati mwingine? Si waandike barua, au waseme baada ya mchezo?

Jibu ni rahisi. Dakika ile ndiyo pekee ambayo uwanja mzima umenyamaza na macho yote yako mahali pamoja. Mpira haujaanza, refa hana kazi, kamera zinapita uso kwa uso. Mwanamichezo asiye na gazeti wala kiti bungeni anaweza kusema neno bila kufungua mdomo. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Na kuna sababu ya pili. Wimbo wa taifa ni ahadi. Huzungumza juu ya haki, udugu na uhuru. Mtu aliyenyimwa vitu hivyo anaposimama kuuimba, anaona pengo kati ya maneno na maisha yake. Anachofanya ni kulionyesha pengo hilo palepale ahadi inapotamkwa.

Mexico 1968

Tarehe 16 Oktoba 1968, kwenye Olimpiki ya Mexico, Wamarekani weusi wawili, Tommie Smith na John Carlos, walipanda jukwaa kupokea medali za mbio za mita 200. Walipanda bila viatu, soksi nyeusi miguuni, kuonyesha umaskini wa watu wao. Wimbo wa Marekani ulipopigwa waliinamisha vichwa na kila mmoja akainua ngumi iliyovaa glavu nyeusi. Martin Luther King alikuwa ameuawa Aprili ya mwaka huohuo.

Walifukuzwa kwenye michezo. Nyumbani walipokea vitisho vya kuuawa, na kazi zikawa taabu kupata. Mtu wa tatu jukwaani, aliyeshika nafasi ya pili, alikuwa mzungu wa Australia, Peter Norman. Yeye hakuinua ngumi, lakini alibandika kifuani beji ya harakati yao ya haki za binadamu, na kwao Australia akatengwa kwa hilo. Alipofariki mwaka 2006, Smith na Carlos walisafiri hadi Australia kubeba jeneza lake.

Munich 1972, na Kenya ndani yake

Hii ndiyo sehemu ambayo Wakenya wengi hawaijui.

Septemba 1972, mbio za mita 400 mjini Munich zilishindwa na Wamarekani weusi wawili, Vincent Matthews wa kwanza na Wayne Collett wa pili. Wa tatu alikuwa Mkenya, Julius Sang. Wimbo wa Marekani ulipopigwa, Matthews na Collett hawakuinua ngumi wala kupiga goti. Walisimama tu kama watu walio barazani, mikono kiunoni, wakizungumza, Collett akiwa miguu mitupu. Uwanja ukawazomea. Baadaye Collett alieleza kwamba dhamiri yake haikumruhusu kusimama wima kwa maneno yasiyotekelezwa kwa watu wake. Sang alikuwa palepale jukwaani nao.

Kamati ya Olimpiki ikawafungia maisha. Siku chache baadaye kulikuwa na mbio za kupokezana vijiti, mita 400 mara nne. Wawili wamefungiwa, mwingine, John Smith, ameumia, na Marekani ikakosa watu wa kutosha kuunda timu. Kenya, iliyokuwa ya pili nyuma yao Mexico, ikaingia na Charles Asati, Hezekiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Wakashinda dhahabu kwa dakika 2 na sekunde 59.8.

Sichukui jasho la vijana wetu wale. Walikimbia na wakawashinda wote waliokuwapo. Lakini tukumbuke kwamba siku sauti ya Tana ilipopigwa Munich kwa ajili ya dhahabu ile, njia ilikuwa imefunguliwa pia na watu wawili walioadhibiwa kwa sababu ya namna walivyosimama wakati wa wimbo wa taifa lao. Ilichukua miaka 50, hadi 2022, kwa kamati hiyo kumwondolea Matthews adhabu. Collett alikuwa amekwisha kufa tangu 2010.

Agosti 2016: siku 5 tu

Tarehe 21 Agosti 2016, Eliud Kipchoge alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Rio. Wa pili alikuwa Muethiopia Feyisa Lilesa. Alipofika kwenye utepe aliinua mikono na kuipishanisha juu ya kichwa kama mtu aliyefungwa pingu. Ilikuwa ishara ya Waoromo waliokuwa wakiandamana kwao na kupigwa risasi. Lilesa hakurudi nyumbani. Aliishi Marekani hadi Oktoba 2018, utawala ulipobadilika, ndipo akarejea.

Kwa Garsen habari hii si ya mbali. Lugha ya ndugu zetu Waorma ni ya ukoo mmoja na Kioromo. Jioni ile ya Rio, kwa ushindi wa Kipchoge, ulipigwa wimbo wenye sauti ya Kipokomo, na aliyesimama nafasi ya pili alikuwa mtu ambaye Muorma wa hapa angezungumza naye wakaelewana.

Siku 5 baadaye, tarehe 26 Agosti, watu walimgundua Colin Kaepernick, mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa timu ya San Francisco 49ers, ameketi wakati wimbo unapigwa. Alisema hawezi kusimama kujivunia bendera huku watu weusi wakiuawa na polisi. Kelele zikapanda. Askari mstaafu, Nate Boyer, akazungumza naye na kumshauri apige goti badala ya kukaa, kwa kuwa askari hupiga goti mbele ya kaburi la mwenzao. Kaepernick akakubali. Kwa hiyo goti linaloitwa dharau lilitokana na ushauri wa mwanajeshi aliyetafuta njia ya heshima.

Tangu mwaka 2017 hakuna timu iliyomwajiri tena. Juni 2020, baada ya polisi kumuua George Floyd, mkuu wa ligi ile, Roger Goodell, alikiri kwamba walikosea kutowasikiliza wachezaji mapema. Hata hivyo Kaepernick hakurudishiwa kazi.

Sheria inasemaje?

Kwenye Olimpiki, kanuni ya 50 inakataza maandamano ya kisiasa. Mwaka 2021 ililegezwa kidogo kabla ya michezo ya Tokyo: mchezaji anaweza kutoa maoni yake uwanjani kabla mchezo haujaanza, lakini si jukwaani wakati wa medali.

Hapa Kenya, Kifungu cha 9 cha Katiba kinautaja wimbo wa taifa miongoni mwa alama za nchi, pamoja na bendera, nembo na muhuri wa umma. Iko pia Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, ambayo inafanya kuudharau wimbo wa taifa kuwa kosa. Upande wa pili, Kifungu cha 33 kinatoa uhuru wa kujieleza, isipokuwa uchochezi na matamshi ya chuki, na Kifungu cha 37 kinatoa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Kijana wetu akipiga goti, atakuwa amesimama katikati ya vifungu hivyo. Ajue hilo kabla, asije akaambiwa kituoni.

Wanaopinga wana hoja

Nisiwe wa upande mmoja. Wapo wazee, na baadhi yao walivaa sare, wanaosema wimbo ni kitu pekee tulichobaki nacho sote, tukiugusa hatuna pengine pa kukutana. Siwacheki. Tana Delta twajua jambo dogo linavyoweza kuwasha moto. Kuanzia Agosti 2012 hadi mapema 2013, Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao, zaidi ya watu 100 waliuawa, wengi wanawake na watoto, jirani kwa jirani. Yeyote aliyezika wakati ule hawezi kusikia neno "ishara" uwanjani bila moyo kushtuka.

Na Marekani si Garsen. Kule anayelalamika na anayelalamikiwa hujulikana kwa rangi. Hapa timu moja ina Mpokomo, Muorma, Mwardei, Mgiriama na Mbajuni. Mmoja akipiga goti peke yake bila kueleza, jirani anaweza kudhani anapigiwa yeye.

Kwa hiyo tufanyeje?

Kwa vijana nasema mambo matatu. Kwanza, semeni sababu kabla ya siku yenyewe, kwa maneno, kwa mwalimu wa timu, kwa chifu na kwa wazee. Kaepernick alieleza sababu yake na bado akazuliwa mengine. Asiyeeleza kabisa atazuliwa yote. Pili, fanyeni pamoja au msifanye. Kama mwapinga matusi ya kikabila, simameni mmeshikana mikono, Mpokomo kando ya Muorma, muuimbe wimbo hadi mwisho. Hakuna sheria itakayowagusa kwa hilo, na ujumbe utafika kuliko goti la mtu mmoja. Hilo la kitambulisho pia mtalisema pamoja, kwani foleni ile mwaijua nyote. Tatu, jueni gharama. Smith, Carlos, Matthews, Collett, Lilesa na Kaepernick wote walilipa, wengine hadi kufa.

Kwa wazee, wasimamizi wa ligi na wakubwa wa kaunti nasema moja tu. Kijana akifanya ishara wakati wa wimbo, hata ile msiyoipenda, msianze na kumfungia. Muulizeni kwanza ana nini. Akisema anaitwa mgeni katika nchi aliyozaliwa, chunguzeni kama ni kweli. Akisema refa anasikia matusi na kunyamaza, mwiteni refa.

Munich walianza na adhabu, wakatumia miaka 50 kuifuta. Sisi tuna mfano wa karibu zaidi, na ni wa mama zetu wa kando ya mto walioutoa wimbo huu: akilia mtoto hutafutwa kinachomliza, na wimbo huendelea.